Sululu wa Mia Tatu

Mtu anayekuja pwani na koti la sufu, tena mwezi wa pili, jua likiwa limeshaanza kuchoma saa moja asubuhi, huyo ama ni mgonjwa ama ni mbishi. Bi Havintishi alimtazama mgeni wake akishuka garini, akaona si mgonjwa.

"Wewe ndiye mama wa ndege?" mgeni aliuliza kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto.

"Mimi ni Havintishi, mzee wangu. Ndege wana mama zao."

"Hunikumbuki! Mwakibete, wa Tukuyu, mstaafu wa reli. Miaka mitatu iliyopita nilikuja hapa na mke wangu ukatuonyesha sululu, yule ndege anayetoka nchi za barafu."

Bi Havintishi alikumbuka. Alimkumbuka hasa yule mke, mama mnene mwenye kicheko, aliyekuja na ndizi za kuchemsha ndani ya kitambaa akazigawa kwa waongozaji wote kana kwamba wao ndio wageni. Alimkumbuka sululu pia. Ndiyo maana aliwahi kuuliza habari za mke.

"Mama hajambo?"

"Tulimzika mwaka jana, mwezi wa saba."

"Pole sana, baba. Pole sana."

"Nimeshapoa. Lakini Mama Sekela alikufa ameona sululu wa kweli kwa macho yake mawili, na Tukuyu nzima hakuna mwanamke mwingine wa kusema hivyo. Picha ipo sebuleni. Nimekuja nimwone tena, nikamwambie kaburini." Akapandisha kola ya koti. "Twende, basi. Nyie watu wa pwani maneno mengi."

Bi Havintishi akavuta pumzi, akaihesabu kabla ya kuitoa. Maneno mengi! Yeye mwenyewe alikuwa hajasema hata ishirini.

Juu ya lango la Hifadhi ya Tope la Membe palikuwa na ubao wa taa, na ubao ule ulikuwa unasema 299. Chini yake alisimama Bwana Mshamu, msimamizi wa hifadhi, mtu wa makamo aliyepiga pasi mpaka soksi. Alikuwa amefunga utepe mwekundu kwenye nguzo.

"Bibi, leo ndiyo leo," alisema akisugua mikono. "Sululu mmoja tu. Mmoja! Baraza la Maji wameshanipigia mara mbili tangu alfajiri."

"Na nikimkosa?"

"Utamkosaje? Msimu mzima hujamkosa."

Neno hilo lilimwingia Bi Havintishi kama mwiba wa samaki. Alichukua kidude chake cha kuongelea akakitia sikioni. Waongozaji wote watano walikuwa kwenye mstari mmoja. Mmoja akipiga chafya kule kwenye mikoko ya kusini, wanne wengine walisema "afya". Kisha akamvisha mzee miwani ya hifadhi, ile inayotaja ndege, wakaanza kutembea juu ya daraja la mbao linalokatiza mikoko hadi kwenye tope.

*

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini bibi mwenye subira kama yule alikuwa na hasira asubuhi ile, sharti ajue habari ya ukuta na habari ya vibaraka.

Bahari ilipoanza kupanda na kula mashamba, ulijengwa ukuta mrefu ufuoni kote. Ukuta uliokoa mashamba, ila tope, lile tope jeusi lenye kaa na minyoo ambako ndege wa mbali walikuwa wakija kula, lilibaki nyuma ya ukuta likikauka kama mdomo wa mgonjwa. Ndipo likatobolewa lango la maji, moja tu, linalofunguliwa mara mbili kwa siku bahari ipite. Na kwa kuwa ndege walikuwa wameshahama, mafundi wakatengeneza ndege wa bandia ili wawaite wa kweli. Ndege akipita angani akaona wenzake wanakula chini, naye hushuka. Mafundi waliwaita "waitaji". Waongozaji waliwaita vibaraka.

Vibaraka wale walikuwa kazi ya kusifiwa. Walidonoa, walijikuna, walipepesa macho, walikimbia mtu akikohoa. Mwaka hadi mwaka walitumiwa akili mpya kwa hewa, mpaka miwani ya hifadhi yenyewe ikashindwa kuwatofautisha na walio hai. Baraza likasema basi, mashine isimtolee ushahidi mashine. Ndege ahesabiwe kwa jicho la mtu na ulimi wa mtu: mwongozaji aseme "hai", mgeni aseme "nimemwona", ndipo ubao upande.

Sheria ilikuwa nyepesi. Msimu ukifungwa na sifuri, tope limekufa. Ukifika mia tatu, limepona. Na maji hupewa mgonjwa tu; maiti hapewi, mzima hapewi. Lango litafungwa, na wenye mabwawa ya kufugia kamba walikuwa wameshapima viwanja.

Bi Havintishi hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini kibaraka hakumpata hata siku moja. Aliwajua kwa jambo dogo ambalo mafundi hawakulifikiria, maana hakuna aliyewahi kuliuliza. Ndege aliye hai hunya. Hula na kunya, hula na kunya, nyuma yake tope lina matone meupe kama chokaa iliyomwagika. Kibaraka hupita na tope linabaki safi kama limefagiwa.

Alijua, basi. Na bado alisema "hai".

Angefanyaje? Mgeni ametoka Singida, ametoka Mbeya, amepanda magari mawili, amebeba watoto mgongoni. Kwao Bi Havintishi mgeni haruhusiwi kuondoka mikono mitupu. Kama hakuna wali atapewa muhogo, kama hakuna muhogo atapewa maji ya dafu. Tope lilipokuwa halina ndege, alimpa kibaraka. Mgeni alifurahi, mtoto alirukaruka, na nani alidhurika? Mmoja mmoja hivyo, walifika arobaini na mmoja msimu huu. Alijua wenzake wana macho mazuri na miguu ya kufika mbali. Hao wengine wote, alijiambia, ni wa kweli, wameonwa na kina Mwanamkasi, mwongozaji wa mikoko ya kusini.

Mpaka jana. Jana jikoni, waongozaji wakimenya muhogo, Mwanamkasi aliinama akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mwenzenu nina dhambi." Akaitaja. Kisu cha wa pili kikasimama. Kisha cha wa tatu. Watano wote! Kila mmoja alikuwa akimpa mgeni wake kibaraka kwa adabu, akiamini wenzake wanne ndio wanaoona ndege. Walikaa pale wakitazamana na muhogo ukiwa mweusi hewani, wala hakuna aliyejua acheke au alie. Wakisema kweli, ubao ni sifuri na tope limekufa. Wakinyamaza, kesho ni mia tatu na tope limepona. Na msimu ulibakiza siku tano kufungwa.

Ndiyo maana alikuwa na hasira. Na sasa alikuwa na mzee wa Tukuyu mwenye koti la sufu.

*

"Yule pale!" alipiga kelele Mzee Mwakibete, hata hawajatoka vizuri kwenye mikoko. Miwani yake ikasema kwa sauti tamu ya msichana: "Sululu. Umri miaka minne. Hai. Hongera sana!"

Alikuwa mzuri, kwa kweli. Rangi ya mchanga mbichi, mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Alidonoa, akajikuna kidevu kwa ukucha.

"Sema, mama. Mimi nimemwona."

"Bado, mzee wangu."

"Bado nini? Miwani imesema."

"Miwani haina macho."

Wakasogea hatua thelathini. "Sululu. Umri miaka miwili. Hai. Hongera sana!" Mzee akageuka akamkazia macho Bi Havintishi, mikono kiunoni, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Huyu je?"

"Vua koti, baba, utaanguka."

"Sitavua! Nimekuuliza ndege, unanijibu koti."

"Na huyu bado."

Sikioni Bwana Mshamu alikuwa hajatulia. "Bibi, naona kwenye kamera mko mbele ya sululu watano. Mnangoja nini?"

"Tunangoja wanye."

"Samahani, Bibi?"

"Umesikia vizuri. Tunangoja wanye."

Mtu mmoja kwenye mstari alikohoa. Bi Havintishi alimjua kwa kikohozi, alikuwa Mwanamkasi.

"Bibi yangu," Bwana Mshamu alisema polepole, kama anayemwongoza kipofu kwenye ngazi, "leo si siku ya mizaha. Mpe mzee wa watu ndege wake, arudi kwake. Utepe nimeshaufunga."

Walitembea mpaka mwisho wa daraja, kwenye benchi linalotazama lango la maji. Maji yalikuwa yanapwa, tope linang'aa. Kila baada ya hatua kumi miwani ilihongera. Kila ikihongera mzee alisimama, na kila aliposimama Bi Havintishi alisema "bado". Mara ya tisa mzee alikaa benchini kwa kishindo akaivua miwani.

"Wewe mwanamke," alisema, "una nini na mimi? Nimetoka Tukuyu. Nimelala Mikumi kwenye chumba chenye kunguni. Nina goti la chuma. Mara ya kwanza hukutuzungusha namna hii, ulisema 'hai' mara moja tu, tena unacheka. Leo kwa sababu niko peke yangu sistahili?"

Bi Havintishi alikitoa kidude sikioni akakifumbata kwenye ncha ya kanga. Alikaa upande wa pili wa benchi. Kuna maneno ambayo ukiyachelewesha yanaoza mdomoni, na hili lilikuwa limekaa miaka mitatu.

"Mzee wangu, yule wa siku ile hakuwa ndege."

"Alikuwa nini, mbuzi?"

"Kibaraka. Wa betri. Kama hawa wote uliowaona leo. Niliwadanganya, wewe na marehemu. Mlitoka mbali na sikuwa na kitu cha kuwapa."

Mzee alishika goti lake la chuma. Alitazama tope. Mishipa ya shingo ilimsimama na Bi Havintishi akajiandaa, maana tusi alilostahili alikuwa ameshalijua kwa maneno yake yote.

"Picha nimeiweka kwenye fremu," mzee alisema hatimaye. "Nimeikatia kioo mwenyewe. Watu wanakuja kuitazama. Mchungaji aliitaja kwenye mazishi! Alisema, huyu mama ameona viumbe vya Mungu kutoka ncha ya dunia. Betri!"

"Nisamehe, baba."

"Usiniambie nisamehe. Umeniibia mimi, sawa, mimi ni mtu mzima nina mikono. Lakini umemwibia aliyekwisha kufa, huyo atakudai vipi?"

Bi Havintishi aliinamisha kichwa. Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. Kaa walitoka mashimoni wakainua kucha zao, wakarudi.

Halafu mzee akatoa sauti ya ajabu puani. Bi Havintishi alidhani analia. Alipogeuka aliona mabega yanatikisika, na uso wake umejikunja kwa namna isiyokuwa ya kilio.

"Alijua," alisema.

"Nani?"

"Mama Sekela! Alijua, mwanamke yule. Njia nzima, kutoka hapa mpaka Tukuyu, aliniudhi kwa neno moja. Alikuwa mfuga kuku, unaelewa? Kuku mia mbili. Akaniambia, 'Baba Sekela, yule ndege tumekaa naye nusu saa, mbona hajanya?' Nikamkaripia. Nikamwambia acha uchafu, si kila kitu ni kuku wako. Akasema haya, lakini hajanya." Alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Miaka mitatu nimemwambia kila mgeni nyumbani kwamba tumeona sululu, na yeye yuko jikoni anacheka. Nilidhani anafurahi."

Bi Havintishi naye alishindwa, akacheka. Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka, mpaka vibaraka wa karibu wakakimbia kama walivyofundishwa.

Mmoja hakukimbia.

*

Alikuwa amesimama peke yake kwenye mfereji, mahali maji ya lango yanapomalizikia. Mdogo kuliko vibaraka. Bawa moja lilikuwa limenyofoka manyoya, na mguu wa kushoto aliuweka chini kwa kujihurumia, kama mtu aliyekanyaga moto. Rangi yake haikuwa ya mchanga mbichi, ilikuwa ya safari.

Mzee alirudisha miwani machoni haraka. Miwani ikanyamaza, ikafikiri, ikasema kwa sauti ile tamu: "Kitu kisichotambulika. Huenda ni takataka. Tafadhali endelea na matembezi yako."

"Ivue," alisema Bi Havintishi kwa mnong'ono. "Ivue, baba. Imefunzwa kwa vibaraka, haijawahi kuona ndege."

Ndege alizamisha mdomo kwenye tope mpaka machoni, akautoa na mnyoo. Akaumeza. Akachechemea hatua mbili. Akainua mkia.

Tone jeupe likaanguka juu ya tope jeusi, likatandaa.

"Amekunya!" Mzee Mwakibete alimshika Bi Havintishi mkono kwa nguvu za mfunga mataruma ya reli. "Amekunya, mama! Mama Sekela, amekunya!"

"Shh! Utamfukuza."

Lakini Bi Havintishi mwenyewe alikuwa ameshainuka. Msimu mzima, na ndiye huyu. Ametoka kwenye barafu, amepita jangwa na milima, amefika na mguu mmoja na nusu, na amefika leo. Leo hasa! Haikuwa juzi, wala si keshokutwa. Maana akisema "hai", neno la kweli alilolitafuta mwaka mzima, ubao unasoma mia tatu, Mshamu anakata utepe, lango linafungwa, na mgeni huyu aliyetoka ncha ya dunia atakufa njaa kwenye tope kavu kwa sababu mtu amesema ukweli juu yake. Na asipomsema, siku nne zitapita, mgeni mwingine atapewa kibaraka na mwongozaji mwenye huruma, na mambo yatakuwa yale yale. Mtu unatamani uiongoje dunia mlangoni na mwiko.

"Mbona husemi?" mzee aliuliza. "Huyu bado?"

Bi Havintishi alimweleza, kwa kifupi. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa upande. Miaka thelathini alikuwa mtu wa reli.

"Kwetu," alisema, "ukigundua uliandika treni ambayo haikupita, huandiki ya kweli juu yake. Zitagongana. Unafuta kwanza ya uongo, kwa mkono wako ulioiandika, na unaweka sahihi. Wanakufukuza kazi, hilo nalo lipo."

"Kufukuzwa si neno."

"Neno ni nini?"

"Wenzangu. Nikifuta wangu, bado wao. Siwezi kumtubia mtu dhambi yake."

"Basi futa zako."

Aliangalia ndege. Alikuwa amekunya tena. Bi Havintishi alifungua ncha ya kanga, akarudisha kidude sikioni, ambamo Bwana Mshamu alikuwa anaita, "Bibi? Bibi? Mstari umekatika?"

"Nipo. Andika. Mimi Havintishi nafuta wangu wote wa msimu huu. Arobaini na mmoja. Walikuwa vibaraka, nami nilijua."

Mstari ulinyamaza kiasi kwamba alisikia mawimbi ya upande wa pili wa ukuta mara mbili, mle sikioni na kule nje. Bwana Mshamu alipopata sauti, haikuwa ya soksi zilizopigwa pasi.

"Unajua unalolifanya? Bibi! Ubao umeshuka! Unajua Baraza watasema nini? Watakuvua beji!"

"Nimeshaivua, iko hapa benchini. Na sasa andika hili. Mbele yangu kuna sululu mmoja. Hai."

"Nimemwona," alisema Mzee Mwakibete, akiinama karibu na sikio lake kama anayebusu. "Mwakibete, wa Tukuyu. Nimemwona mimi, na amekunya mara mbili."

Kisha kikasikika kikohozi, kule kwenye mikoko ya kusini.

"Mwanamkasi hapa," ilisema sauti. "Nafuta wangu. Sabini na wawili. Mtanisamehe."

Wa tatu alifuata akiwa analia. Wa nne alitaja hesabu kama anatema mbegu. Wa tano alisema tu, "Na wangu, wote, wote," hata akaulizwa wangapi.

Walirudi polepole, kwa ajili ya goti la chuma. Mzee alikuwa amevua koti na kulibeba begani, na kila baada ya hatua kumi aligeuka kutazama mfereji. Miwani ilikuwa mfukoni, inahongera peke yake.

Bwana Mshamu alikuwa amekaa chini ya lango, juu ya ngazi ya mafundi, utepe mwekundu ukiwa umemwangukia mapajani. Hakuwatazama. Alikuwa anautazama ubao.

"Mmoja," alisema. "Msimu mzima, vibaraka mia sita, na mafundi, na miwani. Mmoja!"

"Mmoja ni mgonjwa, mwanangu," Bi Havintishi alimwambia, akamwekea beji kwenye kiganja. "Si maiti wala si mzima. Mfungulie maji, saa sita yanajaa."

Bwana Mshamu aliitazama beji. Aliitazama kwa muda mrefu, akainuka, akaenda kwenye gurudumu la lango la maji, na utepe ukaburuzika nyuma ya kiatu chake.

"Sasa kesho nani ataniongoza?" Mzee Mwakibete aliuliza. "Sijamaliza naye yule ndege."

Bi Havintishi alivuta pumzi, akaihesabu.

"Njoo saa kumi na mbili. Mimi sina beji, nitakuwa mgeni kama wewe. Na hilo koti, baba, nakuomba, liache hukohuko ulikolala."

"Sitaliacha," alisema mzee.